Bibi asiyezaa tena ana kazi gani katika mageuko?

Swali: Mimi ni mwalimu wa Biolojia, nafundisha kidato cha nne. Tulipofika kwenye uteuzi asilia, mwanafunzi mmoja aliuliza: kama sifa zinazoendelea ni za wale wanaoacha watoto wengi, kwa nini mwanamke anakoma hedhi kwenye miaka hamsini hivi, kisha anaishi mpaka sabini na themanini? Nilimjibu kwamba ni hospitali na lishe ya siku hizi, zamani watu hawakufika huko. Hakuridhika, na kusema kweli hata mimi sikuridhika. La pili ni langu mwenyewe: huku kulea watoto kwa kusaidiana kuna uhusiano na mageuko, au ni mila tu?

Jibu:

Mwalimu, mwanafunzi wako ana haki ya kutoridhika. Swali hilo limewashughulisha wanabiolojia tangu mwaka 1957, pale Mmarekani George Williams alipotoa wazo kwamba mama anayeacha kushika mimba mapema, akaelekeza nguvu zake kwa watoto alio nao, huenda akafaidika kuliko anayeendelea kujifungua kwa hatari uzeeni. Lakini kabla ya kufika huko tuliondoe kwanza lile jibu la hospitali, maana nalisikia hata kwa madaktari.

Ni kweli kwamba katika jamii zisizo na huduma za afya wastani wa umri wa kuishi huwa mdogo. Kwa Wahadzabe, wawindaji na wakusanyaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi, wastani tangu kuzaliwa ni takriban miaka 33. Wengi wakiona tarakimu hiyo hudhani mtu wa miaka 33 huko ni mzee. Wastani umeshushwa na vifo vya watoto wachanga. Chukua watu wawili, mmoja amekufa kabla ya kutimiza mwaka, mwingine amekufa na miaka 70: wastani wao ni 35, na hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na umri huo. Mwaka 2007 Michael Gurven na Hillard Kaplan walilinganisha takwimu za jamii mbalimbali za wawindaji na wakusanyaji, wakakuta kwamba kwa waliovuka utoto, umri ambao vifo vingi hutokea ni kama miaka 72. Mwanamke wa Kihadzabe akishafika 45 ana miaka ishirini hivi mbele yake. Bibi alikuwepo zamani sana kabla ya penisilini.

Halafu swali lenyewe linahitaji kugeuzwa kidogo. Sisi huuliza kwa nini uzazi unakoma mapema. Mtazame sokwe, jamaa yetu wa karibu kuliko wanyama wote. Sokwe jike naye huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, na akiba hiyo humwishia kwenye umri wa miaka hamsini hivi, kama mwanamke. Tofauti ni kwamba porini sokwe jike walio wengi hufa kabla ya kufika hapo. Inaonekana basi kwamba saa ya ovari haikusogezwa sana tangu nasaba zetu zilipoachana. Kilichosogezwa ni siku ya kufa. Mimi ningemwambia mwanafunzi aandike swali hivi: ile miongo miwili au mitatu baada ya yai la mwisho imetoka wapi?

Jibu lenye nguvu zaidi tulilo nalo limechimbwa hapa kwetu, na nasema kuchimbwa kwa maana yake halisi. Katikati ya miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe wakipima kazi: nani ametoka kambini saa ngapi, amekusanya nini, amerudi na uzito gani, na watoto wa nani wananenepa au wanakonda msimu huu. Hadithi iliyotawala vitabuni wakati huo ilikuwa ya mwanamume mwindaji anayempelekea mkewe nyama, na kutokana na nyama hiyo ikazaliwa familia na hata akili ya binadamu. Vipimo vya Eyasi viliitia doa hadithi hiyo. Mwindaji wa Kihadzabe, pamoja na ustadi wake wote wa upinde na sumu, akitoka siku mia hurudi na mnyama mkubwa siku tatu hivi. Na akimpata, nyama huliwa na kambi nzima, watoto wake na wasio wake. Hakuna mtoto anayeweza kuishi kwa kusubiri siku hizo tatu.

Kinachomshibisha mtoto siku zilizobaki ni matunda ya porini, ubuyu, asali na mizizi, hasa mzizi uitwao ekwa. Huu ni wa mmea unaotambaa, na hupenda kujificha chini sana, mara nyingi katikati ya mawe. Mwanamke huja na muo wake, mti uliochongwa ncha na kukaushwa kwa moto. Hugonga ardhi, akasikiliza mlio, akahama kidogo, akagonga tena, mpaka apapate pa kuchimbia. Kisha huchimba, hulitekenya jiwe kwa muo mpaka lilegee, hulisukuma kando, huchimba tena. Mizizi ikitoka huwashwa moto palepale, ikababuliwa dakika chache, ikamenywa, ikatafunwa, na nyuzi zake zikatemwa. Ni chakula cha uhakika hata wakati wa kiangazi, ila kina sharti moja: lazima uwe na nguvu na ujuzi. Watoto wa Kihadzabe si wavivu, wa miaka mitano anaokota matunda na kuponda mabuyu kama mtu mzima mdogo. Ekwa ya kina kirefu haiwezi.

Hapo ndipo bibi anapoingia. Wanawake wa miaka sitini na zaidi, waliokwisha koma kuzaa zamani, walikuwa wakitumia muda mwingi porini sawa na mabinti zao au kuwazidi. Watafiti walipooanisha kazi ya akina mama na uzito wa watoto wao, waliona kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa hunenepa kadiri mama yake anavyofanya kazi, mpaka mama azae tena. Akishapata kichanga, mama hupunguza safari za porini, na kuanzia hapo uzito wa yule mkubwa hufuata kazi ya mtu mwingine: bibi yake. Ndiyo msingi wa kile kinachoitwa nadharia tete ya bibi, waliyoitoa kwa ukamilifu mwaka 1997 na 1998.

Mwanafunzi atabisha, na abishe: bibi anapata nini kijeni? Hesabu ni ya William Hamilton, ya mwaka 1964. Mtoto wako ana nusu ya jeni zako, mjukuu robo. Wajukuu wawili waliopona kwa sababu yako ni sawa na mtoto mmoja uliyemzaa. Sasa chukua daftari za makanisa ya Finland na Kanada za karne ya 18 na ya 19, ambazo Mirkka Lahdenperä na Virpi Lummaa na wenzao walizichambua na kutoa matokeo mwaka 2004. Walikuta kwamba kwa kila miaka kumi aliyoishi mwanamke baada ya miaka 50, aliongeza wajukuu wawili. Yaani muongo mmoja wa ubibi una thamani ya uzazi mmoja, bila mimba, bila uchungu wa kujifungua, bila hatari ya kufa ukaacha yatima. Mpe hesabu hii darasani aifanye ubaoni mwenyewe.

Swali lako la pili, Mwalimu, kwangu ndilo tamu zaidi, kwa sababu msaada wa bibi haukuishia tumboni mwa mtoto. Uligusa akili.

Sokwe jike huzaa kila baada ya miaka mitano au sita. Hawezi kuzaa upesi zaidi, kwa kuwa kila mtoto ni mzigo wake peke yake mpaka ajitegemee. Mwanamke wa jamii za wawindaji na wakusanyaji huzaa kila baada ya miaka mitatu hivi, na mtoto wa binadamu huchukua muda mrefu zaidi kukua kuliko wa sokwe. Ukitazama hesabu hiyo peke yake haiwezekani: mtoto mgumu zaidi kulea, na bado anafuatwa na mwingine mapema zaidi. Inawezekana tu kama mama hayuko peke yake. Sarah Blaffer Hrdy, mwanaanthropolojia wa Marekani, ndiye aliyelisukuma wazo hili mpaka mwisho wake. Anasema sisi ni nyani tuliolelewa na wengi, na kichwa cha mtoto anayelelewa na wengi lazima kiwe tofauti.

Fikiria Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako Jane Goodall alianza kazi mwaka 1960. Sokwe mama huko hamwachii mtu kichanga chake kwa miezi kadhaa ya mwanzo, hata dada yake. Ana sababu. Katikati ya miaka ya 1970 jike mmoja aliyepewa jina la Passion, akisaidiana na bintiye Pom, alikuwa akiwanyang'anya majike wenzake vichanga na kuwala. Mama anayeishi na majirani wa namna hiyo akimshika mwanawe kifuani mchana na usiku, nani atamlaumu? Na mtoto wake hana haja ya kujiuliza mama yuko wapi au yuko katika hali gani ya moyo, maana amemng'ang'ania manyoya.

Sasa nenda msitu wa Ituri, Kongo, kwa Waefe, nao wawindaji na wakusanyaji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kwamba mtoto wa Kiefe akiwa na umri wa wiki 18 anakuwa mikononi mwa watu wengine, nje ya mama, takriban asilimia 60 ya muda. Shangazi, bibi, kaka, jirani. Mtoto huyo ana kazi ambayo mtoto wa sokwe hana. Inabidi asome nyuso: huyu anayenipokea ananipenda? Huyu nikicheka atanichekea? Nikilia kwa huyu nitapata kitu? Hoja ya Hrdy ni kwamba kwa maelfu ya vizazi watoto waliojua kuvuta macho na mioyo ya walezi walipona zaidi, na tabasamu, kubwabwaja na ile hamu ya kutaka kujua mwenzio anafikiri nini ni mabaki ya uteuzi huo. Lugha yenyewe huenda ilipata pa kuoteshea mizizi hapo.

Kuna kipimo kimoja kinachoniridhisha kuhusu jambo hili. Mwaka 2007 Esther Herrmann na wenzake walichapisha matokeo ya mitihani waliyowapa watoto wa binadamu 105 wenye miaka miwili na nusu, sokwe 106 na orangutani 32. Baadhi ya sokwe hao wanaishi kwenye hifadhi ya kisiwa cha Ngamba, Ziwa Viktoria, upande wa Uganda. Katika maswali ya vitu, kama vile kitu kimefichwa wapi, kipi ni kingi, fimbo ipi itafikia chakula, watoto na sokwe walikwenda bega kwa bega. Katika maswali ya watu, kama kumwiga mwingine au kuelewa anaelekeza wapi kwa macho na kidole, watoto waliwaacha mbali, karibu mara mbili ya alama zao. Tumezoea kujisifu kwamba binadamu ni mwerevu kwa kila kitu. Akiwa na miaka miwili na nusu, werevu wake mkubwa ni wa kuwasoma wenzake.

Sasa niingie mahali penye ugomvi kidogo: bibi yupi? Nchini Gambia, Rebecca Sear na Ruth Mace walitumia kumbukumbu za daktari Ian McGregor za vijiji vinne kati ya mwaka 1950 na 1974. Mtoto wa umri wa kuachishwa ziwa aliyekuwa na bibi mzaa mama hai alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona. Bibi mzaa baba hakuleta tofauti ya kuonekana, ingawa mke ndiye huhamia kwa mume. Na walipokusanya baadaye tafiti za jamii nyingi duniani, hata kuwepo kwa baba mara nyingi hakukubadilisha uhai wa mtoto, jambo ambalo sisi akina baba hatupendi kulisoma.

Maelezo ya kimageuko yana pande mbili. Kwanza ni uhakika. Mama wa binti anajua kwa hakika mjukuu ni damu yake. Mama wa mtoto wa kiume anaamini. Wahenga waliosema kitanda hakizai haramu walikuwa wanaweka sheria ya amani ya nyumba, na sheria haitungwi pasipo na shaka. Pili ni ushindani. Mike Cant na Rufus Johnstone walionyesha mwaka 2008 kwamba kama msichana ndiye anayehamia ukweni, anafika mahali asipo na ndugu wa damu, hivyo hana sababu ya kijeni ya kumpisha mama mkwe azae. Mama mkwe anayo sababu ya kumpisha mkaza mwana, kwa kuwa watoto wa huyo ni wajukuu wake. Wakizaa wote wawili kwa wakati mmoja, chakula kinagombaniwa, na anayefaa kuacha ni mkubwa. Jambo hili limepimwa hata baharini. Nyangumi wauaji wa pwani ya magharibi ya Marekani na Kanada, ambao majike yao hukoma kuzaa wakiwa na miaka arobaini hivi na kuishi miongo mingine, wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu miaka ya 1970. Mwaka 2017 Darren Croft na wenzake walionyesha kwamba jike mkubwa akizaa wakati mmoja na binti yake, ndama wa yule mkubwa wana hatari ya kufa mara 1.7 zaidi. Tembo wa Amboseli, Kenya, wao ni kinyume: jike mzee ndiye kichwa cha familia, anatambua mlio wa simba dume kuliko vijana, na bado anaendelea kuzaa. Kuwa na hekima hakutoshi kukomesha uzazi. Mpangilio wa nani anaishi na nani una sauti pia.

Usiende kuwaambia wanafunzi kwamba mageuko yamesema bibi mzaa baba hana faida. Wastani wa vijiji vinne si hukumu ya bibi wa mtu. Na usikubali pia yule atakayesema mageuko yamewaamuru mabibi walee. Nadharia hii inazungumzia bibi anayemwongezea nguvu mama aliyepo. Pwani yetu inalijua hilo kwa vitendo: mwanamke wa mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwao, mama yake akamkanda kwa maji ya moto, akamnywesha uji wa pilipili manga, na arobaini ikapita mzazi hajashika jembe wala sufuria. Hiyo ni mila, kila jamii ina yake, lakini zote zinajibu hitaji moja la mwili wa binadamu. Kilichotokea Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983 na baadaye mabibi wengi wakabaki na wajukuu bila mama wala baba, ni kitu kingine kabisa. Hakuna jedwali la Hawkes linalomwelezea bibi wa miaka sabini anayebeba mzigo wa watu watatu.

Kwa darasa, kama muda unaruhusu, kuna utafiti mwepesi wa kufurahisha. David Samson na wenzake waliwavisha Wahadzabe 33 vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku zote hizo, dakika ambazo kila mtu alikuwa amelala kwa wakati mmoja zilikuwa 18 tu. Vijana hulala na kuamka kwa kuchelewa, wazee hulala na kuamka mapema, na hivyo kila saa ya usiku kuna jicho lililo wazi. Mzee anayelalamika kwamba usingizi unamruka saa tisa usiku huenda anashika zamu ya zamani. Mimi nalichukulia hili kama wazo zuri kuliko jambo lililothibitishwa, lakini wanafunzi wakilisikia hawalali.

Na wape pia upinzani, wasidhani kesi imefungwa. Oktoba 2023 Brian Wood na wenzake walichapisha matokeo kutoka Ngogo, katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale, magharibi mwa Uganda. Kwa miaka 21 walifuatilia sokwe jike 185, na kwa kupima homoni kwenye mkojo waliona kwamba majike wa huko hukoma kuzaa kama wanawake, kisha baadhi huendelea kuishi kweli. Kwa wastani sehemu ya tano ya maisha yao ya utu uzima ilikuwa baada ya uzazi. Sokwe jike akibalehe huhama kwao, kwa hiyo mabibi wa Ngogo hawaishi na binti zao wala hawawalei wajukuu. Watafiti wanataja mambo mawili yanayoweza kuwa yamewapa umri huo: Ngogo ina chakula tele, na chui wametoweka.

Wapo walioona kwamba nadharia ya bibi imeanguka pale. Mimi sioni hivyo. Ngogo inaonyesha kwamba mwili wa nasaba yetu unaweza kuvuka ukomo wa hedhi pale mazingira yanapomwachia. Haielezi kwa nini kwa binadamu jambo hilo limekuwa kawaida hata Eyasi, ambako mazingira hayamwachii mtu. Kitakachoamua ni kumbukumbu za sokwe wa Gombe, wa Mahale, nayo kando ya Ziwa Tanganyika, na kwingineko zinazoendelea kuandikwa. Sokwe wa huko nao wakionekana wanavuka kila magonjwa na majangili yakipungua, sehemu ya bibi katika maelezo haya itabidi ipunguzwe. Wasipoonekana, Ngogo itabaki kuwa kijiji chenye bahati.